Kupanda miti ya kulisha ndege pembezoni mwa msitu: mwongozo wa Unguja na Pemba

Kila masika yanapokaribia maswali ni yale yale. Nipande miembe mingapi? Mbegu za mlandege mbona hazioti? Nimepanda miti mia, ndege wako wapi? Majibu yako hapa, yamepangwa kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda. Yanawahusu wenye mashamba yaliyopakana na Ngezi, Msitu Mkuu au Ras Kiuyu kwa upande wa Pemba, na Jozani, Kiwengwa au Masingini kwa upande wa Unguja. Yanamhusu pia yeyote mwenye kijisitu kilichosalia katikati ya mikarafuu na mihogo.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Ndege hasumbuki msimu wa embe. Anasumbuka mwezi ule ambao ndani ya kijisitu chake hakuna hata mti mmoja uliozaa. Kwenye msitu mkubwa ataruka bonde la pili na kukuta chakula. Kwenye kipande cha eka tano kilichozungukwa na mashamba hana pa kwenda, na akihama, mbegu alizokuwa akizitawanya zinabaki chini ya mti mama zikioza. Kwa hiyo mti wa maana kwako ni ule unaozaa wakati mingine haina kitu, hata kama matunda yake ni madogo na mtu hayali.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Makubaliano na mwenye ardhi na mwenye miti. Zanzibar hawa wanaweza kuwa watu wawili: ardhi ya huyu, mkarafuu au mnazi ulio juu yake wa yule. Mti utakaoupanda leo utakuja kuulizwa ni wa nani. Malizeni maneno mbele ya sheha kabla jembe halijagusa chini.
- Ruhusa ya watu wa misitu ikiwa utaokota mbegu au kukata matawi ndani ya hifadhi. Nje ya hifadhi, usichukue bila ruhusa ya mwenye shamba na mwenye mti.
- Jembe, panga kali, na mtaimbo ikiwa uko maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe.
- Viriba vya kitaluni, au chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa shingo na kutobolewa chini.
- Ndoo mbili, kifumbu au chujio la tui, na beseni kuukuu lenye matundu.
- Samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mitatu au zaidi. Mbichi inaunguza mizizi.
- Makuti ya kivuli, makumbi, kamba.
- Daftari. Wengi hulidharau, lakini asiye na daftari hupanda kwa kubahatisha.

Hatua

1. Andika kalenda ya matunda. Chagua njia moja ya kilomita moja hivi inayopita pembeni mwa kijisitu na kuingia ndani kidogo. Ipite mara mbili kwa mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, siku isiyo na mvua. Kila mti wenye matunda uandikie: jina, mabichi au mabivu, machache au tele, na nani anayala. Usiandike "ndege" tu. Andika hondohondo, ninga, shore, kuzi, au yule kindege wa kijani kibichi mwenye duara jeupe machoni. Unguja andika na shorobo, ambaye ukimkosa akiwa ametulia utamjua kwa mabawa yake mekundu anaporuka.

Mwaka mmoja ukipita utaona mapengo yenyewe. Huna mwaka wa kusubiri? Waulize wazee na watoto wa kijijini. Mtoto anajua zambarau zinaiva lini na mfuu upi ni mtamu kuliko mtu yeyote mwenye shahada. Weka majina ya miti upande mmoja wa ukurasa na miezi kumi na miwili juu, tia alama. Safu ya mwezi iliyobaki tupu ndiyo kazi yako.

2. Chagua miti. Anza na jamii ya milandege na mikuyu (kitaalamu Ficus). Jina la mlandege limejieleza lenyewe. Sababu ya kuutanguliza ni kwamba miti ya jamii hii haifuati msimu mmoja: huu unaiva sasa, wa jirani yake baada ya miezi miwili, na mti mmoja unaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ukiwa na milandege sita kutoka kwa mama tofauti, umeziba sehemu kubwa ya pengo. Msasa, ambao majani yake mafundi seremala walikuwa wakisugulia mbao, umo katika jamii hii hii na ndege wanaupenda.

Halafu chagua miti ya matunda madogo. Shore na ndege wa kimo chake humeza tunda zima ikiwa halizidi ukubwa wa zabibu ndogo. Likizidi hapo hudonoa nyama na kuiacha mbegu pale pale. Mpesi ndio unaowahi kuzaa, na hujitupa wenyewe kwenye ardhi iliyofunguka. Mkarati unafaa mahali penye unyevu. Mkwamba na msiliza ni vichaka vya maweni, havilalamiki. Mkunazi nao unavumilia ukame.

Mfuu na mchikichi viweke kwa ajili ya wakubwa, hondohondo na popo. Naam, popo. Popo wa Pemba, yule mkubwa wa hifadhi ya Kidike, hapatikani kwengine duniani, na hubeba mbegu mbali kuliko ndege wengi. Ukipanda kwa ajili ya msitu, umpandie na yeye.

Kuhusu ninga na njiwa usijidanganye. Ninga wa Pemba ni wa kisiwa hicho peke yake na anastahili kulishwa, lakini ndege wa jamii hii wana firigisi yenye nguvu, na mbegu nyingi ndogo husagika humo. Wao ni walaji kuliko wapanzi. Wapanzi ni shore, kuzi, shorobo na hondohondo.

Usipande hivi karibu na msitu: mpera, mdalasini, mwarobaini na lantana. Ndege watakula, hilo halina ubishi, na ndiyo hatari yenyewe. Kwenye visiwa vya Shelisheli ndege waliusambaza mdalasini mpaka ukatawala milima. Kule Usambara mti wa mbao uitwao kitaalamu Maesopsis eminii ulitawanywa na hondohondo ndani ya msitu wa asili, na hadi leo unasumbua. Mzambarau nao ni mgeni kutoka Asia. Uache ubaki uwani na njiani, usiusogeze kwenye ukingo wa msitu. Mwembe hauna ubaya, ila unazaa wakati ambao chakula kipo tayari, kwa hiyo usihesabu kwamba umesaidia.

3. Kusanya mbegu. Chukua kutoka kwa mama watano au zaidi, walioachana angalau mita hamsini. Tunda liwe limeiva kabisa. Mbegu za msituni hazipendi kuwekwa: nyingi hupoteza uhai ndani ya wiki mbili tatu, kwa hiyo usikusanye kabla kitalu hakijawa tayari.

*Mlandege na mkuyu.* Hapa ndipo wanaoanza wanapoteleza. Ponda matunda mabivu kwenye ndoo ya maji, sugua kwa vidole, kisha acha yatulie dakika kumi. Zinazoelea mwaga: ni tupu au zimeliwa na wadudu. Zilizozama pitisha kwenye kifumbu, suuza mara mbili, tandaza juu ya gazeti kivulini siku moja. Mbegu ni ndogo kama chembe ya mchanga, basi changanya sehemu moja ya mbegu na kumi za mchanga laini mkavu ili zimwagike sawa. Jaza beseni mchanga na samadi iliyochekechwa, nusu kwa nusu, lowesha, nyunyiza mbegu juu, usifukie. Zinataka mwanga. Funika beseni kwa nailoni angavu na uliweke kwenye kivuli chepesi. Maji usimwage kutoka juu. Litie beseni ndani ya karai lenye maji kidogo mpaka udongo unywe kutoka chini. Wiki mbili hadi nne utaona ukungu wa kijani. Ukiinama vizuri utaona kuwa si ukungu, ni vijani viwili viwili vidogo kuliko kichwa cha pini. Vikifikisha majani manne hamishia kwenye viriba, ukishika jani, usishike shina.

*Mfuu.* Kokwa lake ni gumu na huota kwa kusitasita, jengine mwezi wa pili, jengine mwezi wa sita, jengine usilione kabisa. Usipoteze muda. Baada ya masika nenda chini ya mfuu mkubwa, ng'oa miche iliyojiotea yenye urefu wa shibiri, na udongo wake, uitie kiribani na uiweke kwenye kivuli kizito wiki tatu.

*Mpesi.* Hauhitaji kitalu. Kwangua ardhi mahali penye jua, uache.

*Mkwamba na msiliza.* Osha nyama, panda kina cha nusu sentimita. Angalia lakini: mimea hii ina dume na jike mbalimbali. Ukipanda mmoja unaweza kungoja matunda mpaka uchoke. Panda mitano au zaidi pamoja.

4. Au chomeka matawi. Milandege mingi hushika kwa tawi, na mti wa tawi huzaa miaka kadhaa kabla ya mche wa mbegu. Kata mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijashika. Tawi liwe na urefu wa mita mbili na unene wa kifundo cha mkono. Jembamba hukauka, nene mno huoza. Upande wa chini kata mshazari, wa juu kata bapa, ndivyo hutosahau upi ni upi. Kuna watu wamechomeka juu chini na kushangaa. Ondoa majani yote, lisimamishe kivulini siku mbili mpaka utomvu ukome kutoka, kisha fukia sentimita sitini na ushindilie kwa mguu. Lifunge kwenye vigingi viwili: likitikiswa na upepo, vizizi vichanga hukatika na tawi hufa huku limeshachipua, jambo ambalo humchanganya sana mtu. Utomvu kwenye panga na mikono unatoka kwa mafuta ya nazi, sabuni peke yake haifui dafu.

Matawi ya mama mmoja ni mti mmoja uliorudiwa, yatazaa pamoja na kupumzika pamoja. Changanya mama, au pengo litabaki pale pale.

Na usichomeke mlandege karibu na nyumba, kisima au ukuta. Mita ishirini ni kiasi cha chini. Mizizi yake inapasua jiwe; tazama kuta kongwe za mjini.

5. Panga visiwa, usipange mistari. Eneo zima huna haja ya kulijaza. Tengeneza kisiwa cha mita kumi kwa kumi: mlandege katikati, mpesi na mikarati mitatu minne kuuzunguka kwa mita tatu, na mikwamba na misiliza pembeni kwa mita moja na nusu. Kisiwa cha kwanza kiwe mita thelathini hadi hamsini kutoka ukingo wa msitu, cha pili umbali huo huo kutoka cha kwanza, kuelekea kijisitu cha jirani. Ninga na hondohondo huvuka uwanda bila wasiwasi. Ndege wadogo wa vichakani hawavuki. Wanataka sehemu ya kujificha kila baada ya hatua chache. Unawajengea daraja.

6. Chimba na panda. Panda masika, mvua zikishashika, mwisho wa Machi hadi Aprili. Vuli ni nafasi ya pili, ila mche wa vuli hukutana na jua la Januari na Februari ukiwa bado mchanga, basi jipange kumwagilia.

Kwenye udongo wa kinongo au kichanga, usio na mawe, chimba sentimita arobaini na tano kila upande, udongo wa juu ukauweke peke yake, uuchanganye na ndoo moja ya samadi, uurudishe kwanza. Kwenye maweni usishindane na jiwe. Tafuta mfuko: mahali penye majani makavu yaliyojikusanya na magugu yaliyonawiri. Chomeka mtaimbo, ukizama sentimita thelathini panatosha. Mpango wako wa mita tatu tatu utavurugika, uache uvurugike.

Toa kiriba. Inachekesha kuliandika hili, lakini kila mwaka kuna mche unaong'olewa ukiwa umekufa na mizizi imejikunja ndani ya nailoni kama tambi.

Panga makumbi kuzunguka mche, mgongo juu. Yakitazama juu yanakusanya maji ya mvua na kufuga mbu. Acha sentimita kumi kati ya kumbi na shina, kwa sababu mchwa wakimaliza kumbi huhamia kwenye gome.

7. Simamisha nguzo za kutua. Katikati ya visiwa weka nguzo tatu za mvinje, urefu wa mita nne au tano juu ya ardhi, kila moja na vijiti viwili vya kupita kama msalaba. Ndege anayevuka uwanda hupumzika, na akipumzika huacha kinyesi chenye mbegu. Sehemu ambayo watu huisahau ni chini: palilia duara la mita mbili, ng'oa mabua na mizizi ya nyasi, kwatua juu juu. Mbegu ikiangukia kwenye nyasi nzito haifiki udongoni. Baada ya mvua mbili piga magoti uangalie. Kinyesi cha zambarau chenye chembe nyeupe kimetoka kwenye matunda. Cheupe tupu chenye vipande vya mbawa kimetoka kwa mla wadudu, hakina mbegu.

Kuanzia hapo usipalilie duara kwa jembe. Kwa mkono, na mche usioujua uuache mpaka uujue.

8. Tunza miaka miwili. Palilia mita moja kuzunguka kila mche mara tatu mwaka wa kwanza, mara mbili wa pili. Kiangazi mwagilia lita tano mara mbili kwa wiki. Maji kidogo kila siku hulea mizizi ya juu juu. Kamba ya ng'ombe ipime: akifungwa kwa kamba ya mita sita, kigingi kisikae chini ya mita nane kutoka mche wa mwisho. Mbuzi asiyefungwa hana kipimo. Ambako watu husafisha maweni kwa moto, fyeka njia ya mita nne kuzunguka visiwa kabla ya Januari.

Mambo yakienda kombo

*Vijani vilitoka kisha vikalala chini vyote usiku mmoja.* Ni kuoza kwa shina: maji mengi, mbegu zimebanana, hewa haipiti. Fungua nailoni kila asubuhi, punguza maji. Mchanga huo usiutumie tena bila kuuanika juani au kuuchemsha.

*Mlandege umezaa, matunda yanaanguka mabichi.* Kila aina ya mti katika jamii hii huchavushwa na kinyigu chake, kidogo kuliko sisimizi. Ukipanda aina ya kigeni ya mapambo kutoka duka la maua, huenda kinyigu chake hakipo visiwani, na matunda hayataiva kamwe. Ikiwa ni aina ya hapa hapa, ngoja. Mti mchanga ulio peke yake huchelewa kufikiwa.

*Miti imezaa, ndege hawaji.* Tazama mambo matatu kwa mpangilio huu. Umbali: pengine hakuna kichaka kati ya kisiwa chako na msitu. Manati: zungumza na vijana wenyewe, wape kazi ya kuandika daftari, huwa wanaifanya vizuri. Kunguru: hawa walioletwa kutoka India huiba mayai na makinda na kuwasumbua ndege wadogo. Penye jaa la taka hutowashinda. Fukia au ondosha taka kwanza.

*Ndege wapo tele, miche mipya haioti chini.* Huenda wanaokuja ni njiwa na ninga tu, au nyasi zimefunga ardhi. Fyeka kivuli cha nyasi upande mmoja, uache wa pili kama ulivyo, ulinganishe baada ya masika.

*Popo wanamaliza maembe.* Vuna embe likishakomaa, kabla halijaiva mtini, ulivundike ndani. Miti michache ya karibu na nyumba ifunike wavu wenye macho madogo uliovutwa ukakaza. Wavu uliolegea hunasa popo na ndege na kuwaua. Mlandege wenye matunda msimu huo huo, ukiwa mbali kidogo na shamba la embe, huwavuta baadhi yao, lakini si wote.

*Mche umesimama miaka miwili bila kurefuka.* Uko maweni? Basi mfuko ulikuwa wa sentimita ishirini badala ya thelathini. Usiung'oe. Mkwamba na msiliza hubaki vichaka na huzaa hivyo hivyo. Mlandege unaweza kukaa kimya mpaka mzizi mmoja upate ufa kwenye jiwe, kisha ukaondoka kwa kasi. Panda mwengine kwenye mfuko wa jirani, na wa kwanza uuache na makumbi yake.